Kibwagizo Kisichochosha: Safari ya Kichekesho cha Televisheni hadi Filamu katika Wayne's World (1992)

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kichekesho kifupi cha televisheni kinavyogeuzwa kuwa filamu ndefu, na sababu zinazofanya mageuzi hayo yashindwe mara nyingi zaidi ya yanavyofaulu. Data ya msingi ni filamu ya Kimarekani Wayne's World (1992), iliyotokana na kichekesho cha kipindi cha Saturday Night Live. Uchambuzi unaongozwa na dhana ya kibwagizo kama inavyoeleweka katika ushairi wa Kiswahili. Makala inadai kuwa usemi unaorudiwarudiwa katika kichekesho hutenda kazi kama kibwagizo, na kwamba uhai wake hutegemea mistari inayoutangulia kuliko maneno yake wenyewe. Aidha, inachunguza ukanushi wa mwisho wa sentensi uliopata umaarufu kupitia filamu hiyo, inaulinganisha na viingizi vya Kiswahili kama wapi! na thubutu!, na kupendekeza njia ya kuutafsiri. Inahitimishwa kuwa upuuzi wa filamu hii ni mpangilio makini wa lugha, na kwamba kuudharau ni kupoteza data muhimu.

1.0 Utangulizi

Vichekesho vimekaa kwa muda mrefu pembezoni mwa taaluma ya fasihi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayependekeza kuchunguza tanzia haulizwi kwa nini. Anayependekeza kuchunguza filamu ya kipuuzi hutakiwa kwanza ajitetee. Hali hii inashangaza, kwa sababu wanafalsafa na wanaisimu walikwishaonyesha kuwa kicheko kina kanuni. Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko kilichochapishwa mwaka 1900, alieleza kuwa binadamu huchekesha pale mwenendo wake unapokuwa kama wa mashine, yaani anaporudia jambo bila kujali kuwa mazingira yamebadilika. Victor Raskin naye, mwaka 1985, alieleza kuwa matini ya kuchekesha ni ile inayooana na skripti mbili za maana zinazopingana, msikilizaji akihamishwa ghafla kutoka moja kwenda nyingine.

Nadharia hizi mbili zinafaa kueleza kichekesho cha dakika tano. Hazielezi moja kwa moja kinachotokea pale kichekesho hicho kinapotakiwa kujaza dakika zipatazo 95 za filamu. Ikiwa mwenendo wa kimashine ndio unaochekesha, mashine hiyo ikiendelea kwa saa nzima na zaidi itachosha. Ikiwa mshtuko wa skripti mbili ndio chanzo cha kicheko, mshtuko uliokwisha kuzoeleka si mshtuko tena. Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo makala hii inalishughulikia: ni kitu gani kinachoweza kurudiwa bila kuchosha?

Jibu linalopendekezwa halitoki mbali. Limo katika ushairi wa Kiswahili, ambao kwa karne nyingi umetumia mstari uleule mwishoni mwa kila ubeti bila msikilizaji kuuchoka.

2.0 Kutoka Studio hadi Jumba la Sinema

Saturday Night Live ilianza kurushwa na kituo cha NBC kutoka New York tarehe 11 Oktoba 1975, chini ya mtayarishaji Lorne Michaels. Kipindi hicho hurushwa mubashara usiku wa Jumamosi, na kwa sehemu kubwa ni mfululizo wa vichekesho vifupi vinavyojitegemea. Filamu ya kwanza kutokana na wahusika wake ilikuwa The Blues Brothers (1980). Ya pili, iliyokuja zaidi ya mwaka wa kumi baadaye, ndiyo Wayne's World.

Mhusika Wayne Campbell alibuniwa na Mike Myers, mchekeshaji aliyekulia Scarborough, Ontario, nchini Kanada. Alikwishamwigiza katika televisheni za Kanada kabla ya kumpeleka New York, ambako kichekesho cha kwanza kilirushwa mwezi Februari 1989. Umbo lake lilikuwa rahisi. Vijana wawili, Wayne na Garth (aliyeigizwa na Dana Carvey), wanaendesha kipindi chao wenyewe katika televisheni ya jamii, wakiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wa Wayne katika mji wa Aurora, Illinois, magharibi mwa Chicago. Wana kochi na gitaa, na msamiati mdogo wanaourudia kwa furaha kubwa. Kipindi huanza kwa wimbo wao na kumalizika kwa kuagana kwa maneno yaleyale kila wiki.

Filamu iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 14 Februari 1992, ikiongozwa na Penelope Spheeris na kuandikwa na Myers pamoja na Bonnie Turner na Terry Turner. Kabla ya hapo Spheeris alikuwa ametengeneza filamu za hali halisi kuhusu vijana wa muziki wa punk na metal, hivyo aliwafahamu watu ambao Wayne na Garth ni picha zao. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 120 Marekani peke yake.

Mafanikio hayo yalizaa wafuasi: Coneheads (1993), It's Pat (1994), Stuart Saves His Family (1995), A Night at the Roxbury (1998), Superstar (1999), The Ladies Man (2000) na, baada ya kimya kirefu, MacGruber (2010). Hakuna hata moja kati ya hizo iliyofikia mapato ya Wayne's World. It's Pat, iliyosimamia mzaha mmoja tu wa watu kushindwa kutambua iwapo mhusika ni mwanamume au mwanamke, haikufikisha hata dola 100,000. Televisheni ilikuwa ileile. Hata njia ya kuwatoa wahusika studio na kuwapeleka sinema haikubadilika. Kwa hiyo, tofauti haina budi kutafutwa ndani ya matini zenyewe.

3.0 Kibwagizo kama Nyenzo ya Uchambuzi

Katika shairi la tarbia, mstari wa mwisho unaorudiwa bila kubadilika katika beti zote huitwa kibwagizo, kiitikio au kipokeo. Ukibadilika kutoka ubeti hadi ubeti, huitwa kiishio au kimalizio. Tofauti hii huchukuliwa kuwa ya kifani tu, lakini ina matokeo ya kimaana. Kiishio huleta habari mpya. Kibwagizo hakileti habari yoyote mpya, kwa kuwa kuanzia ubeti wa pili msikilizaji anakijua. Anachokisubiri si maneno, bali njia ambayo mshairi ataitumia kuyafikia. Mizani na vina vimemfunga mshairi. Msikilizaji anataka kuona safari hii atapitia wapi mpaka arudi palepale.

Hivyo, kibwagizo kina sifa tatu. Kwanza, hakibadiliki. Pili, hutarajiwa, na matarajio hayo ni sehemu ya raha yake. Tatu, hubadilika maana kila kinaporudi, kwa sababu mistari mitatu iliyokitangulia ni mipya. Kibwagizo kilekile kinaweza kuwa onyo katika ubeti wa kwanza, ombi katika wa tatu, na kilio katika wa mwisho.

Usemi unaotambulisha mhusika wa kichekesho una sifa hizohizo. Haubadiliki, hadhira huungoja, na mara nyingi huutamka pamoja na mwigizaji. Swali la kufaulu au kushindwa kwa filamu linahamia kwenye sifa ya tatu. Katika kichekesho cha televisheni, mistari inayotangulia hubadilika yenyewe, kwa kuwa kila wiki huwa na mgeni mpya na habari mpya, na siku saba hupita kati ya ubeti na ubeti. Filamu haina wiki. Mwandishi asipounda mistari mipya kwa makusudi, hadhira husikia vibwagizo vilivyopangwa mfululizo bila beti, na hilo si shairi.

4.0 Mistari Inayokitangulia Kibwagizo

Wayne's World inaunda mistari yake kwa kuhamisha semi zilezile kutoka muktadha mmoja kwenda mwingine wenye mahusiano tofauti ya mamlaka. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni tendo la kupiga magoti na kujitangaza kuwa duni mbele ya mwanamuziki mashuhuri. Tendo hili lilikuwamo katika kichekesho cha televisheni, kama pale bendi ya Aerosmith ilipozuru kipindi hicho mwaka 1990. Katika filamu, vijana wanakutana na Alice Cooper nyuma ya jukwaa huko Milwaukee. Hadhira inatarajia kuwa mwanamuziki mwenye sifa ya kutisha atasema mambo ya kutisha. Badala yake, Cooper anatoa mhadhara mtulivu kuhusu historia ya mji huo na asili ya jina lake katika lugha za wenyeji wa Amerika. Kisha kibwagizo kinarudi: vijana wanapiga magoti. Maneno na ishara havijabadilika, lakini kinachosujudiwa kimebadilika. Awali walisujudia umaarufu. Sasa, bila kukusudia, wanasujudia elimu.

Mfano wa pili ni kuzungumza na kamera. Katika kichekesho, Wayne huitazama kamera kwa sababu yeye ni mtangazaji. Hakuna ukuta unaovunjwa. Katika filamu, anaendelea kuitazama hata akiwa mtaani na mkahawani, na tabia ya utangazaji inageuka kuwa usimulizi wa nafsi ya kwanza. Meneja wa mkahawa wa maandazi anapojaribu naye kuieleza kamera siri zake za giza, Wayne anaingilia kati na kukumbusha kuwa haki hiyo ni yake na Garth tu. Kwa tukio fupi kama hilo, filamu inaifunua kanuni ya usimulizi ambayo wanafunzi wa naratolojia hutumia mihula kuielewa: si kila mhusika ana ruhusa ya kusimulia, na ruhusa hiyo hulindwa.

Mfano wa tatu unahusu biashara. Wayne anamweleza Benjamin, mtayarishaji tajiri aliyekinunua kipindi chao kwa dola 10,000, kwamba hatakubali kamwe kupigia magoti matakwa ya wafadhili. Wakati akisema hivyo anafungua boksi la piza na mfuko wa vibanzi, anameza dawa ya maumivu ya kichwa na kushika kopo la soda, nembo za kampuni zote zikielekezwa kwenye kamera. Garth amevaa mavazi ya michezo ya kampuni moja kuanzia kichwani hadi miguuni. Maneno yanakataa na picha zinakubali. Hiki ni kinaya cha kimuundo, na kina makali zaidi kwa sababu filamu haijifanyi kuwa nje ya soko inalolicheka.

Katika mifano yote mitatu, tabia iliyozoeleka kutoka televisheni haikurefushwa. Iliachwa fupi kama ilivyokuwa, ikatangulizwa na hali mpya. Hiyo ndiyo tofauti kati ya filamu hii na zile zilizochukua mzaha mmoja na kuuvuta kama mpira hadi ukakatika.

5.0 Ukanushi wa Mwisho: Neno "Not!" na Kiswahili

Usemi mashuhuri zaidi wa Wayne na Garth ni neno moja tu la ukanushi, Not!, linalotamkwa baada ya sentensi yakinifu kukamilika. Msemaji hutoa sifa nzuri, huivuta pumzi kidogo, kisha huifuta yote kwa silabi moja. Mwaka 1992 Chama cha Lahaja cha Marekani kiliuchagua usemi huo kuwa neno la mwaka. Wengi waliamini kuwa Myers ndiye aliyeubuni. Hata hivyo, Jesse Sheidlower na Jonathan Lighter walionyesha mwaka 1993, katika jarida la American Speech, kwamba usemi huo ulikuwa umeandikwa takriban karne moja kabla ya filamu. Kichekesho hakikuunda sarufi mpya. Kiliokota muundo uliokuwa ukitumika pembezoni na kuufanya kibwagizo.

Kisintaksia, ukanushi huu una tabia ya pekee. Ukanushi wa kawaida wa Kiingereza hukaa kabla ya kitenzi kikuu na huathiri maneno yanayoufuata. Huu wa Wayne hukaa nje ya sentensi. Ushahidi wake ni kituo kinachoutangulia, ambacho ni cha lazima. Umuhimu wa kituo hicho ulionyeshwa kwa njia ya kuchekesha katika filamu nyingine iliyotokana na televisheni, Borat (2006), ambamo mhusika mgeni anafundishwa muundo huu na mwalimu wa uchekeshaji. Anayajua maneno yote, lakini hakiwezi kituo: mara anakiruka, mara anakirefusha kupita kiasi. Kicheko chote kinatokana na ukimya uliowekwa mahali pasipofaa, jambo linalothibitisha kuwa ukimya huo ni sehemu ya sarufi ya usemi.

Je, Kiswahili kina muundo unaolingana na huo? Ukanushi wa kawaida wa Kiswahili ni wa kimofolojia. Viambishi ha- na si- hukaa mwanzoni mwa kitenzi (hapendi, sipendi), na hata -si- ya dhamira tegemezi na ya urejeshi (asije, asiyekuja) hubaki ndani ya kitenzi. Viambishi hivi haviwezi kuahirishwa hadi mwisho wa sentensi. Hata hivyo, Kiswahili kina viingizi vinavyokanusha kutoka nje:

(1) Tulidhani angerudisha fedha zetu Jumatatu. Wapi!

(2) A: Kuanzia kesho nitaamka saa kumi alfajiri nikimbie.
    B: Thubutu!

Kuwa wapi! katika mfano (1) ni kikanushi na si kiulizi kunathibitishwa na kiimbo chake na kwa kutohitaji jibu. Kuwa kiko nje ya sentensi kunathibitishwa na kirai hata kidogo, au hata senti moja, ambacho huhitaji ukanushi ndani ya kishazi chake. Sentensi Hajaleta hata senti moja ni sahihi, lakini *Ameleta hata senti moja. Wapi! haikubaliki, ijapokuwa maana ya jumla inayokusudiwa ni ya kukanusha. Kiingizi kimechelewa, sentensi ilikwisha kufungwa bila kikanushi. Kipimo hichohicho hutoa matokeo hayohayo kwa usemi wa Wayne katika Kiingereza. Kimuundo, basi, lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Tofauti iko katika pragmatiki, hasa katika swali la nani mwenye kauli inayokanushwa. Katika mfano (2), thubutu! hukanusha kauli ya mtu mwingine. Katika mfano (1), wapi! hukanusha tarajio ambalo msemaji alikuwa nalo kwa dhati na likamvunjika. Kiingizi ng'o! hakifai kabisa, kwa kuwa kwa kawaida hukazia ukanushi uliokwisha kutamkwa (sitoi, ng'o!) au hukataa ombi. Usemi wa Wayne hukanusha kauli ya msemaji mwenyewe, ambayo hakuiamini tangu alipoanza kuitamka.

Hapa pana jambo la kina zaidi. Kinaya katika mapokeo ya Kiswahili huachwa bila alama. Anayemwambia mgeni aliyechelewa, "Umewahi kweli leo," hamalizii kwa kueleza kuwa hakumaanisha hivyo. Adabu ya kinaya, kama ilivyo adabu ya fumbo, ni kumwachia msikilizaji kazi ya kufumbua. Usemi wa Wayne unavunja adabu hiyo. Unatoa kinaya kisha unakitangaza, kana kwamba msikilizaji hana akili ya kukigundua. Kinachochekesha, kwa hiyo, si kinaya chenyewe bali ubutu wake. Ni kinaya cha mtu asiyejua kutumia kinaya, na ambaye anafurahia sana kukitumia. Mfasiri atakayetafuta kinaya kizuri cha Kiswahili badala ya Not! atakuwa ameboresha matini na kuua mzaha.

Kati ya viingizi vilivyopo, wapi! ndicho kinachofaa zaidi. Ni kifupi, hukaa nje ya sentensi, na tayari hueleweka kuwa kikanushi. Kasoro yake ni moja: msikilizaji atakaposikia "Shairi lako limenigusa sana. Wapi!" atashtuka mara ya kwanza, kwa sababu kauli inayokanushwa ni ya msemaji mwenyewe. Lakini mshtuko huo haupaswi kuogopwa. Semi za aina hii hujifunza kwa kurudiwa, na filamu inazo nafasi nyingi za kurudia. Mfasiri anayebadilisha kiingizi kila tukio, leo nakutania!, kesho si kweli!, kwa kuhofia kumchosha msomaji, anageuza kibwagizo kuwa kiishio. Kila sentensi yake inaweza kuwa sahihi, na shairi zima likapotea.

6.0 Sauti na Maandishi

Filamu hii inachezea pia uhusiano kati ya lugha ya mdomo na ya maandishi. Katika tukio moja, Wayne analazimishwa kumhoji hewani mfadhili wa kipindi, mmiliki wa kumbi za michezo ya video. Anamhoji kwa heshima, akisoma maswali kutoka kwenye kadi. Nyuma ya kila kadi, upande unaotazama kamera, ameandika tusi. Mfadhili anasikia sauti. Watazamaji wanasoma maandishi. Mpokezano wa maswali na majibu unaendelea vizuri kabisa, na matini ya pili inaubomoa bila mmoja wa wahusika kujua. Skripti mbili za Raskin, ambazo kwa kawaida hubanwa katika sentensi moja, hapa zimegawanywa katika njia mbili za mawasiliano zinazokwenda sambamba.

Tukio lingine linahusu tafsiri moja kwa moja. Wayne amejifunza Kikantoni ili azungumze na Cassandra, mwanamuziki mzaliwa wa Hong Kong aliyeigizwa na Tia Carrere. Mazungumzo yao yanafasiriwa kwa maandishi yanayopita chini ya skrini. Pole pole mada inapanda hadi kwenye falsafa ya utambulisho, na maandishi yanazidi kurefuka kuliko sauti, hata yanaendelea kupita baada ya midomo kunyamaza. Mzaha huu unailenga imani ya mtazamaji kwamba maandishi ya tafsiri ni kioo kisicho na doa cha yaliyosemwa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulielewa tukio hili. Nchini Tanzania, filamu za kigeni zimesambazwa kwa miaka mingi zikiwa na sauti ya msimulizi anayezifasiri kwa Kiswahili, akifafanua, akitania na kuongeza maelezo ambayo wahusika hawakuyasema. Mhusika hutamka maneno matatu, na msimulizi huyageuza kuwa sentensi tano. Kile ambacho filamu ya Hollywood ilikiona kuwa mzaha wa kupindukia ni utaratibu wa kila siku katika vibanda vya video. Wasimulizi hao huchukuliwa na baadhi ya wahakiki kuwa waharibifu wa matini. Tukio la Kikantoni linapendekeza mtazamo tofauti: tafsiri ni utendaji wenye mwandishi wake, na hadhira inaweza kufurahia kuliona pengo badala ya kutaka lifichwe.

7.0 Nani Mwenye Usemi?

Chini ya mizaha yote hii kuna swali moja linaloipa filamu uzito wake. Kipindi cha Wayne na Garth kilikuwa mali yao kwa sababu hakikuwa na thamani sokoni. Semi zao zilikuwa za chumba cha chini, zikitumiwa na marafiki wanaocheza hoki barabarani na kusogea pembeni gari linapopita. Benjamin anaponunua kipindi, ananunua hasa namna yao ya kusema. Katika studio mpya, sebule inajengwa upya kwa mbao na rangi ili ifanane na ile ya zamani; wimbo na kochi vipo. Garth, ambaye huchukia mabadiliko, ndiye anayehisi mapema kuwa kilichopotea hakiwezi kujengwa upya. Kibwagizo kimebaki, lakini beti zimeandikwa na mtu mwingine.

Hadithi hii ndiyo pia hadithi ya filamu yenyewe. Nayo ni usemi wa vijana wa kitongoji ulionunuliwa na kampuni kubwa. Nguvu ya filamu kuhuisha vitu vya zamani ilikuwa kubwa: baada ya tukio la vijana watano wakiimba ndani ya gari, wimbo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen, uliotoka mwaka 1975, ulirudi katika chati ya Billboard Hot 100 na kufikia nafasi ya pili mwaka 1992. Nguvu hiyohiyo iliviua baadhi ya vibwagizo vyake. Usemi Not! ulienea hadi kwa wasiojua ulikotoka, na katika muda mfupi ukawa alama ya mtu aliyepitwa na wakati. Kufikia Borat, mzaha ulikuwa juu ya mtu ambaye bado anataka kuufundisha.

Filamu inaonekana kulijua hilo. Inamalizika mara tatu: kwanza kwa maafa, kisha kwa mwigo wa katuni ya upelelezi ambamo mwovu anavuliwa kinyago, na hatimaye kwa furaha iliyopitiliza ambamo hata mwovu amejifunza somo. Baada ya kulinda vibwagizo vyake kwa saa moja na nusu, inatoa viishio vitatu na kumwachia mtazamaji ajue kuwa kila kimoja ni cha kutengenezwa. Wayne's World 2 (1993) ilirudi na wahusika walewale chini ya mwongozaji mwingine, na mapato yake Marekani hayakufikia nusu ya yale ya kwanza.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa mageuzi ya kichekesho cha televisheni kuwa filamu yanaweza kuelezwa kwa dhana ya kibwagizo. Filamu iliyofaulu haikuurefusha usemi unaorudiwa. Iliubakiza vilevile na kuuzungushia mistari mipya. Zilizoshindwa, kama inavyodhihirika katika It's Pat, zilitegemea urudiaji bila beti. Imeonyeshwa pia kuwa ukanushi wa mwisho wa Wayne una mwenzake wa kimuundo katika kiingizi wapi!, kwamba tofauti kuu ni umiliki wa kauli inayokanushwa, na kwamba mfasiri anapaswa kushikilia kiingizi kimoja hadi hadhira ikizoee.

Dhana hii inaweza kupimwa kwa data ya Kiswahili. Tamthilia ya televisheni ya Kenya Vioja Mahakamani, kwa mfano, imejengwa juu ya kiunzi kisichobadilika cha mahakama, huku washtakiwa na lafudhi zao wakibadilika. Huo ni utaratibu wa kibwagizo na beti kwa namna iliyo wazi kabisa, na bado haujachambuliwa kwa kina unaostahili. Watafiti wa pragmatiki, ushairi na tafsiri wana nafasi ya kukutana hapo. Kwa upande wa mfasiri, kazi inabaki kuwa ngumu kuliko inavyoonekana: kutafsiri tanzia kunahitaji maneno mazito, lakini kutafsiri upuuzi kunahitaji kujua kwa usahihi ni wapi aliyetunga alikusudia kukosea, na kumwacha akosee hivyohivyo.